Nimeweka shaba ndani ya kalibu, mbona pale pale bado panaungua?

#1 FundiKinundu
Wakuu salaam. Nimekwama, naombeni mawazo.

Nina kalibu ya H13 (chuma cha kutengenezea kalibu) kwenye mashine ya shinikizo, tunasubu alumini A380. Kifaa chenyewe ni ganda lenye ukuta wa milimita 4, ila katikati kuna kinundu chenye nyama ya milimita 18 kuzunguka tundu. Tundu linatengenezwa na kiini, na hicho kiini ndicho kinachonitoa jasho. Kalibu ikifunguka, kwingine kote napima nyuzi 220 hivi, kwenye kiini ni 340. Alumini inang'ang'ania pale, tunasugua, tunapuliza dawa, baada ya mipigo ishirini imerudi. Nikikata kinundu kwa msumeno, ndani kuna vitundu.

Nikasoma kwamba H13 inapitisha joto kidogo. Nikachimba kiini kwa nyuma nikabakiza ngozi ya chuma ya milimita 8, nikachomeka kipande cha shaba yenye beriliamu, kipenyo milimita 30. Katikati ya shaba kuna babla, yaani kile kibomba kinachotema maji kwenye ncha, halafu maji yanarudi kwa pembeni. Matokeo: kutoka 340 hadi 325. Nyuzi 15 kwa kazi yote ile!

Swali langu: shaba si ndiyo bingwa wa kupitisha joto? Au nimeuziwa kitu kingine?

#2 MzeeWaTanuri
Hicho kipande kiliingia kwa nyundo au kwa mkono?

#3 FundiKinundu
Kwa mkono mzee. Niliacha nafasi ya 0.1 kwenye kipenyo ili siku ya kukitoa kisinisumbue.

#4 MzeeWaTanuri
Basi hukuweka shaba. Umetengeneza chupa ya chai.

#5 Kadirio
Hahaha, mzee kamaliza kwa neno moja, mimi niweke hesabu.

0.1 kwenye kipenyo ni 0.05 kila upande, unene wa unywele. Hewa ya moto inapitisha kama wati 0.035 kwa mita kwa kila nyuzi. H13 ni kama 25. Kwa hiyo huo unywele wa hewa unazuia joto sawasawa na pande la chuma la milimita 36. Umechimba chuma ukakitoa, ukakirudisha kwa mlango wa nyuma kikiwa hewa.

#6 Nyota ya Mchanga
Ila jamani msimtishe mwenzetu. Shaba inatanuka kuliko chuma. Kalibu ikishapata moto, nafasi inajifunga yenyewe. Hilo tulifundishwa.

#7 Kadirio
Ingejifunga kama vyote viwili vingekuwa na joto moja. Hapa shaba ina maji tumboni, chuma kina alumini usoni. Tufanye chuma kimefika 250 na shaba iko 120, vyote vilianza kwenye 25. Kipenyo cha milimita 30: chuma kinatanuka kama 0.084, shaba kama 0.048. Nafasi haijifungi, inaongezeka kutoka 0.1 hadi 0.136.

Na angalia uchungu wake: kadiri unavyopoza shaba vizuri zaidi, ndivyo inavyojitenga na chuma.

#8 Nyota ya Mchanga
Duh. Hiyo sikuifikiria. Narudi kwenye mchanga wangu.

#9 Kitasa
Naweka kambi hapa. Uzi mtamu.

#10 Bomba Refu
Kabla hamjamzika na hizo nafasi, mimi nauliza maji. @FundiKinundu yanatoka lita ngapi kwa dakika kwenye hiyo babla? Usiniambie pampu ina uwezo gani. Chukua ndoo na saa.

#11 SautiYaChini
Mimi nadhani tatizo ni woga tu. Shaba inapitisha mara 16 ya H13, kwa nini unaificha nyuma ya milimita 8 za chuma? Tengeneza kiini chote kwa shaba, kiguse alumini moja kwa moja. Mwisho wa maneno.

#12 BintiMetali
@SautiYaChini hapo umekosea mara mbili, na kosa la pili litamgharimu.

Kwanza, mara 16 ni shaba tupu, ile ya karibu 390 kwa kipimo cha @Kadirio. Shaba tupu ni laini, haiwezi kazi ya kalibu. Ukiitia beriliamu ili iwe ngumu inashuka hadi 105 au 130 kwa zile aina ngumu zaidi. Ziko aina zenye beriliamu kidogo zinazofika 200 na ushee, lakini nazo ni laini zaidi. Kwa hiyo mwenzetu ana mara nne au tano.

Pili, alumini ya moto inaila shaba. Vyuma hivi viwili vikikutana vinayeyukiana kwenye nyuzi 548, wakati A380 inaingia ikiwa na zaidi ya 640. Kiini chako hakitaungua, kitapungua. Kwenye zinki, sawa: Zamak inayeyuka chini ya 390, huko watu wanatumia shaba uso kwa uso na inakaa vizuri. Kwenye alumini utaiona kwenye kichwa cha plunja tu, ile pistoni inayosukuma alumini ndani, na pale maji hayakatiki.

#13 SautiYaChini
Nimekubali kosa la kwanza. La pili nimelikubali nusu 😂 Mbona plunja inadumu?

#14 BintiMetali
Haidumu, inabadilishwa. Uliza wanaozifungua.

#15 MzeeWaTanuri
Nathibitisha. Mimi ndiye huzifungua.

#16 FundiKinundu
Asanteni wote. @Bomba Refu nimepima. Ndoo ya lita 10 imejaa kwa dakika 4 na sekunde 45. Yaani lita 2.1 kwa dakika. Maji yanaingia na nyuzi 34, yanatoka na 38.

#17 Bomba Refu
Yanaingia na 34? Hayo si maji ya kutoka tangini. Hiyo babla ni ya ngapi kwenye mstari?

#18 FundiKinundu
Ya tatu. Mpira mmoja unapita njia mbili za kalibu kwanza, ndiyo unafika pale. Sikuwa na matundu ya kutosha kwenye kigawio cha maji.

#19 Bomba Refu
Umempa mgonjwa mahututi maji yaliyokwisha kuogewa na wazima wawili.

Sasa tazama kasi. Kama ingekuwa njia iliyonyooka ya milimita 10, lita 2.1 zingekupa namba ya Reynolds (kipimo cha maji kuvurugika) ya 4,400 na kitu, maji yanavurugika vizuri. Lakini babla si njia iliyonyooka. Tundu lako lina kipenyo gani, na kibomba cha ndani kina nje ngapi?

#20 FundiKinundu
12 na 8.

#21 Bomba Refu
Basi maji yanarudi kwenye upenyo wa milimita 2. Kasi ni kama mita 0.56 kwa sekunde, Reynolds inashuka hadi 2,200, labda 3,000 ukihesabu kwamba maji ni ya uvuguvugu. Yanateleza kwa utulivu, tabaka kwa tabaka. Lile lililogusa ukuta linabaki linaota moto, la katikati linapita bila habari. Hapo uweke shaba, uweke fedha, ni mamoja.

#22 Kadirio
Sikubaliani na Bomba kabisa, namba za @FundiKinundu mwenyewe zinamkana.

Lita 2.1 kwa dakika zikipanda nyuzi 4 zinabeba wati kama 600 tu. Kama maji yangekuwa machache kwa kazi iliyopo, yangetoka yamechemka. Yametoka na 38! Maji yanasubiri joto na joto halifiki. Limezuiwa njiani, kwenye ule unywele.

#23 Bomba Refu
Maji yanayoteleza tabaka kwa tabaka nayo hutoka yakiwa baridi, mkuu, ndiyo maana yake hasa: ukuta moto, maji baridi, hawasalimiani. Namba yako inasema joto halikuingia kwenye maji. Haisemi lilizuiwa na nani.

#24 Kadirio
Hapo umenibana. Kipime ukuta wa shaba basi. Ukiwa moto, wewe umeshinda. Ukiwa baridi, mimi.

#25 Mwanafunzi wa Jioni
Naomba kuchangia japo ni mdogo humu. Nimejaribu kukokotoa joto lote. Mpigo una kilo ngapi na muda gani?

#26 FundiKinundu
Kilo 2.1 pamoja na mifereji. Mzunguko sekunde 50. Alumini inaingia na 670, kifaa kinatoka na kama 350.

#27 Mwanafunzi wa Jioni
Basi 2.1 × 0.96 × 320 = kilojuli 645. Gawanya kwa 50, kalibu inapokea kilowati 13.

#28 BintiMetali
Vizuri mdogo wangu, ila umesahau lililo kubwa. Alumini ikigeuka kutoka uji kuwa kitu kigumu inatoa jotofiche, kama kilojuli 390 kwa kila kilo, bila kushuka nyuzi nyingi. Ongeza 819. Jumla ni 1,464, kwa hiyo ni kilowati 29. Zaidi ya maradufu ya hesabu yako.

Ndiyo maana ukipunguza joto la tanuri kwa nyuzi 20 huoni nafuu kubwa. Mzigo hauko kwenye nyuzi, uko kwenye kuganda.

#29 Mwanafunzi wa Jioni
Asante sana dada. Nimeandika.

#30 Kadirio
Tukiendelea na hapo: kama kinundu kina urefu wa milimita 25, ni gramu 240 hivi za alumini. Kilojuli 170 kwa mpigo, kilowati 3.4. Tuseme nusu inaelekea ndani kwenye kiini, 1.7. Maji yanachukua 0.6. Kilowati nzima inabaki kutafuta njia nyingine, na njia yenyewe ni dawa ya kupulizia na mwili wa kalibu.

#31 Uso wa Kalibu
Sasa nije mimi mtu wa kupuliza, maana naona mnamsahau.

Kwenye nyuzi 325 ile dawa haigusi chuma. Mwaga tone la maji kwenye kikaango kilichopitiliza moto: linacheza, linakimbia huku na kule juu ya mvuke wake, halilowanishi. Ndicho kinachotokea kwenye kiini chako. Kwingine kwenye 220 dawa inashika, pale haishiki, ndiyo maana alumini inang'ang'ania pale. Kijana wako akiona alumini inashika anaongeza kupuliza, si ndiyo? Anapuliza hadi sakafu inalowa?

#32 FundiKinundu
Kama ulikuwepo.

#33 Uso wa Kalibu
Hiyo nyingine ni hukumu ya kifo cha polepole. Uso unapanda juu sana, ghafla unamwagiwa maji, unapanda tena. Chuma cha uso kinataka kusinyaa, cha chini yake kinakizuia. Mipigo elfu kadhaa utaona nyufa kama ngozi ya mamba. Kinachotakiwa ni kupoza kwa ndani ili dawa ibaki kazi yake moja, ya kutenganisha.

#34 MzeeWaTanuri
Nyufa hazianzi usoni peke yake. Niliwahi kushika kalibu iliyopasuka kutoka upande wa maji. Njia ya maji ilichongwa kwa mashine ya cheche, na ile ngozi nyeupe inayobaki baada ya cheche haikusuguliwa. Ni ngumu kama kioo na ina vijiufa tayari. Maji yakakaa mle, kutu ikasaidia, ufa ukatembea kuelekea usoni. Tuliona kwanza kama jasho. Mtu anapangusa, linarudi. Tulidhani ni dawa.

Siku tuliyogundua ni maji, nilikaa chini. Maji yakifungiwa chini ya alumini ya moto yanageuka mvuke mara 1,600 na zaidi ya ujazo wake. Hayakuombi ruhusa.

Kwa hiyo wanaomwambia akaribishe maji usoni zaidi, wamwambie na hili. Ngozi ya milimita 8 kwangu ni nyembamba tayari. Kwenye kalibu ya alumini mimi nabakiza 15 hadi 25, na kwenye kiini chembamba nikilazimika kushuka nasugua tundu mpaka ling'ae.

#35 Kitasa
Mzee umenifanya nikaangalie yangu usiku huu huu.

#36 TabakaKwaTabaka
Naona watu wanapambana na kekee na shaba wakati dunia imeshahama. Chapa kiini kwa leza kutoka unga wa chuma. Njia ya maji inafuata umbo, inazunguka kinundu kama nyoka, popote ni umbali uleule kutoka usoni. Hakuna kipande cha kuchomeka, hakuna nafasi ya hewa, hakuna ugomvi. Uzi umeisha.

#37 BintiMetali
Haujaisha. Unachapa kwa chuma gani?

#38 TabakaKwaTabaka
1.2709, chenye nikeli asilimia 18. Kinachapika bila kupasuka, unakipasha 490 kinakuwa kigumu zaidi ya 50 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell.

#39 BintiMetali
Na kinapitisha joto 20 hivi, chini ya H13. Kwa hiyo umebadilisha chuma kibovu kwa kibovu zaidi, ukaokolewa na njia nzuri. Sikatai, mara nyingi inaokoa kweli, maana umbali kutoka usoni hadi majini unapungua na unakuwa sawa kote. Lakini sema yote. Sema pia kwamba ndani ya hizo njia ukuta ni wa mikwaruzo, chokaa inajishika humo kama konokono, na huwezi kupitisha brashi kwenye nyoka.

#40 TabakaKwaTabaka
Mikwaruzo inavuruga maji, ambayo @Bomba Refu anaililia tangu juu. Ila la chokaa nakubali. Sisi tuna maji ya mzunguko uliofungwa, yaliyotibiwa. Ukiweka maji ya bomba kwenye kiini cha kuchapwa umetupa kazi.

#41 Bomba Refu
Asante kwa kunitaja, nilikuwa nakuja kwenye chokaa. @FundiKinundu mara ya mwisho umesafisha lini njia za maji?

#42 FundiKinundu
...

#43 Bomba Refu
Nimeelewa 😂

Ukoko wa chokaa unapitisha kama 2. Milimita moja ya ukoko ni sawa na milimita 12 za H13. Na kwenye upenyo wako wa milimita 2, ukoko wa nusu milimita kila upande umekula nusu ya njia. Hata hizo lita 2.1 zinanishangaza.

#44 Kadirio
Shaba ni mpya, haina ukoko bado. Acheni kumtafutia mtuhumiwa asiyekuwepo.

#45 Bomba Refu
Shaba ni mpya. Je, njia mbili zilizo kabla yake kwenye mstari uleule nazo ni mpya? Lita 2.1 zinatoka wapi kama si kwenye koo lililobanwa huko nyuma?

#46 Kadirio
Sawa, moja kwako.

#47 Msomaji Kimya
Samahani kuingilia, mimi si mtu wa kazi hii, nimependa tu mnavyobishana kwa heshima. Endeleeni.

#48 Mchoraji
Mimi nachora vifaa, na najua mtanirushia mawe, lakini tatizo halimo kwenye kalibu. Limo kwenye mchoro wa kifaa. Ukuta 4, kinundu 18. Chvorinov, mtaalamu wa kusubu, alishaandika mwaka 1940: muda wa kuganda unakwenda kwa mraba wa ujazo gawanya eneo. 18 kwa 4 ni 4.5, mraba wake ni 20. Kinundu kinahitaji muda mara 20 ya ukuta! Hakuna shaba ya kufuta hiyo. Toboa kinundu, kipunguze nyama, weka mbavu.

#49 BintiMetali
Hoja nzuri, namba imezidi. Ule mraba unakaa vizuri kwenye mchanga, ambapo kizuizi ni mchanga wenyewe. Kwenye kalibu ya chuma na ukuta mwembamba, sehemu kubwa ya kizuizi iko pale alumini inapogusana na chuma, na hapo muda unaelekea kwenda sambamba na unene wala si mraba wake. Kwa hiyo ni kati ya mara 4.5 na 20. Bado ni nyingi, mchoraji hajakosea kwenye la msingi.

Kisha kuna jambo la kiini chenyewe. Alumini ikiganda inasinyaa. Kwenye kuta za nje inajivuta kutoka kwenye kalibu, mgusano unalegea, joto linapungua. Kwenye kiini ni kinyume, inakikumbatia na kukaza. Kiini kinapokea joto hadi dakika ya mwisho, na kimezungukwa pande zote kama kisiwa. Ndiyo maana viini huungua kwanza.

#50 FundiKinundu
@Mchoraji mteja hataki kubadilisha mchoro. Nimeshauliza mara mbili.

#51 Mchoraji
Uliza mara ya tatu ukiwa na kinundu kilichokatwa mkononi. Karatasi hawasomi, vitundu wanaviona.

#52 Uso wa Kalibu
Kwani vitundu vyenyewe vikoje? Mviringo unaong'aa ni hewa au gesi ya dawa. Vyenye kingo za kuchanika, vikavu, kama sponji iliyokauka, ni kusinyaa.

#53 FundiKinundu
Vipo vyote viwili. Katikati vya kuchanika, karibu na kiini kuna vya mviringo vichache.

#54 Uso wa Kalibu
Basi kupuliza kupita kiasi kumo na kinundu kinene kimo. Mmeshinda wote, mgawane zawadi.

#55 SautiYaChini
Nimetulia nikasoma. Je, kiini cha wolframu? Nimesikia alumini haikishiki.

#56 BintiMetali
Ukifuata njia hiyo umefikiri vizuri sasa. Aloi za wolframu zinapitisha mara mbili tatu ya H13, zinatanuka chini ya nusu ya chuma, na alumini haizili kwa haraka. Kuna pia TZM, ambayo karibu yote ni molibdeni, inapitisha zaidi ya 100. Zote zinaweza kuguswa na alumini uso kwa uso, kwa hiyo zile milimita 8 za ngozi na ule unywele wa hewa vinatoweka pamoja. Ubaya: bei, na hazipendi kugongwa. Kiini chenye kona kali kitavunjika kona. Na usiviweke vikiwa baridi, vinapasuka kwa mshtuko.

#57 MzeeWaTanuri
Mimi nitacheka kidogo. Chuma cha kijivu, hiki hiki cha kusubu tulichokuwa tunatengenezea kalibu za kumimina kwa mkono, kinapitisha karibu 50. Maradufu ya H13 yenu. Hakiwezi shinikizo la mashine, najua. Lakini mjue tu kwamba tulipohamia kwenye H13 tulinunua uimara tukauza upoaji.

#58 Kadirio
Hii sikuijua. Shikamoo mzee.

#59 MzeeWaTanuri
Marahaba. Sasa muulizeni kijana, alipochonga ile shaba alivaa nini puani?

#60 FundiKinundu
Barakoa ya kitambaa...

#61 BintiMetali
Hapana, hapana. Vumbi la beriliamu linaharibu mapafu, na kwenye orodha ya IARC, shirika la utafiti wa saratani, limo kundi la kwanza la vinavyoleta saratani. Kipande kikiwa kizima hakina neno. Ukikikata kwa maji ya kukatia yanayomwagika, afadhali. Ukikisaga kikavu, ukakipuliza kwa hewa ya kompresa, umejipaka mwenyewe na walio karibu. Kifyonza vumbi chenye kichujio cha kweli, na nguo usizipeleke nyumbani. Ukihitaji kipande kingine, ziko aloi za shaba na nikeli na silikoni zisizo na beriliamu, zinakaribia.

#62 FundiKinundu
Nimeelewa dada. Hili silichukulii kwa mzaha.

#63 Bomba Refu
Turudi. Jumapili mashine ikisimama ufanye nini: tenga babla iwe na mpira wake peke yake kutoka kwenye kigawio, safisha njia zote kwa asidi ya ndimu halafu suuza mpaka maji yawe meupe, upime ndoo tena. Usiguse shaba. Tuone.

#64 Kadirio
Mimi nasema kinyume. Usiguse maji. Toa shaba, ukipashe kiini moto, uiingize kwa kubana. Ukiogopa hutaitoa tena, jaza ule upenyo kwa grisi ya shaba ya joto kali. Hata ikipitisha 1 tu, unywele wa 0.05 unakuwa sawa na chuma cha milimita moja na robo badala ya 36.

#65 Mwanafunzi wa Jioni
Tafadhali usifanye yote kwa pamoja, tutashindwa kujua.

#66 FundiKinundu
Wakuu nimerudi. Jumapili tulipata saa nane tu. Nimetenga mpira, nimesafisha kwa asidi ya ndimu (lilitoka tope la rangi ya chai ya maziwa, siwafichi), nimeingiza shaba kwa kubana. Na kijana wa kupuliza amepunguziwa muda.

Kiini sasa ni 258. Ndoo inajaa kwa dakika moja na sekunde 20. Maji yanaingia 27, yanatoka 30. Alumini inashika bado, ila baada ya mipigo mia na kitu. Vya mviringo vimeisha. Vya kuchanika vipo.

#67 Mwanafunzi wa Jioni
😭

#68 Bomba Refu
Lita 7 na nusu kwa dakika! Nilisema mimi. Reynolds imepita 7,000.

#69 Kadirio
Na joto lililobebwa ni kilowati 1.6 badala ya 0.6. Lingepita wapi kama ule unywele ungekuwepo? Nilisema mimi.

#70 Uso wa Kalibu
Vya mviringo vimeisha baada ya kupunguza kupuliza. Nanyamaza.

#71 Mchoraji
Vya kuchanika vipo. Mimi sinyamazi.

#72 Kitasa
Si arudishe ile nafasi ya 0.1, aache maji kama yalivyo, apime? Ubishi utaisha.

#73 FundiKinundu
Nimemwambia bosi hivyo hivyo. Kasema kalibu inayotoa mali haishuki mashineni kwa ajili ya watu wa kwenye simu.

#74 MzeeWaTanuri
Kiini kitachoka tu. Siku kikishuka utakipata cha kupima. Ila hiyo shaba sasa utaitoaje?

#75 FundiKinundu
Hilo nilikuwa nataka kufungulia uzi mwingine.